Matundu saba, ala nne: shajara ya paneli ya glaida

Jumamosi

Paneli imefika. Shemeji amerudi nayo kutoka Ujerumani ndani ya begi la nguo, kaizungushia taulo kama mtoto mchanga. Ni ya glaida, ndege isiyo na injini. Klabu moja ya huko ilikuwa inabadilisha dashibodi na hii ilikuwa njiani kwenda jalalani, ala zake zote, yaani vipimo anavyosoma rubani, zimeshang'olewa. Tulichopata ni bamba la faiba la kijivu, unene wa milimita tatu, na matundu.

Kwa asiyejua tulipofikia: mimi na mpwa wangu tunaunda boksi la kujifunzia kurusha glaida, uani kwa karakana yangu ya redio hapa Chikongola, Mtwara. Kiti kimetoka kwenye daladala iliyokufa. Fimbo ya kuongozea ni bomba la maji. Kompyuta ni ile niliyoistaafisha dukani, na programu ya kuigiza urushaji wa ndege ni FlightGear, ya bure, ambayo unaweza kuipakulia ASK 13, glaida ya mafunzo ya viti viwili iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1966. Fremu ya mbao tulishaimaliza. Dashibodi nilipanga kuikata kwa plaiwudi, sasa plaiwudi itarudi kuwa rafu.

Tumepima. Matundu makubwa ni saba: matatu ya milimita 80, manne ya milimita 57. Hivyo ndivyo vipimo viwili vinavyotumika kwa ala nyingi za glaida, ndiyo maana ala ya kiwanda kimoja huingia kwenye tundu lililokatwa kwa ajili ya kiwanda kingine. Kuna na vitundu vya swichi, sita. Chini ya tundu moja la 57 pamebaki kibandiko chenye neno FUNK. Mpwa akacheka. "Mjomba, hawa walikuwa wanapiga muziki huko juu?" Shemeji akamweleza kuwa kwa Kijerumani ni redio.

Ala zetu ni nne: kipima mwendo, kipima kimo, variometa na dira. Matundu matatu hayana mgeni.

Jumapili

"Kwa nini tusiyaache tu, Mjomba? Yatapitisha hewa."

Swali la haki. Nilimjibu kwa kumwonyesha. Usiku wa jana tuliiegesha paneli kwenye fremu, na asubuhi tulipowasha taa mjusi alichungulia kutoka tundu la redio kama mwenye nyumba. Nyuma ya paneli kutakuwa na nyaya nyembamba, na boksi hili litakaliwa na watoto wa mtaa mzima. Tundu la milimita 57 mbele ya mtoto wa miaka minane ni mwaliko: ataingiza mkono hadi kwenye kiwiko aone kuna nini.

Kwenye glaida halisi sababu ni nzito zaidi. Miguu ya rubani inaingia chini ya paneli hadi kwenye pedali za usukani wa mkiani, na kitu chochote kikidumbukia huko puani mwa ndege, kalamu au betri ya tochi, kinaweza kukwama kwenye pedali. Halafu nyuma ya paneli kumejaa mirija ya mpira. Mmoja unaleta hewa inayosukumwa na mwendo wa ndege, kutoka kwenye bomba lililotazama mbele. Mwingine unaleta hewa tulivu. Kipima mwendo kinalinganisha hizo mbili, na kipima kimo kinategemea ile tulivu peke yake.

Na variometa, ile ala inayomwambia rubani kama anapanda au anashuka, mrija wake unakwenda kwenye chupa ya chai. Sitanii. Ni chupa ya kutunza joto kama ya nyumbani, ujazo wake wa kawaida lita 0.45. Ndege ikipanda, mgandamizo wa hewa ya nje unapungua, hewa iliyomo chupani inatoka, na katika kutoka inapita ndani ya ala na kusukuma kibapa chembamba kilichoshikana na mshale. Ikishuka, hewa inarudi chupani na mshale unageuka. Lazima iwe ya kutunza joto kwa sababu hewa ikipata moto inatanuka. Ingekuwa chupa ya kawaida, mshale ungesema tunapanda kumbe ni jua tu limepiga. Glaida haina injini ya kuipandisha, inatafuta hewa ya moto inayopaa na kuzunguka humo humo, kwa hiyo mshale huu ndio unaomwambia rubani abaki au aondoke.

Mama watoto alikuwa anasikiliza kutoka mlangoni. Alikuja akachukua chupa yake ya chai mezani, akaenda nayo ndani.

Baadaye tulimwona mwewe juu ya soko, anazunguka bila kupiga bawa. Mpwa akauliza variometa yake iko wapi. Sikuwa na jibu.

Jumatatu, usiku

Nilishaamua kuziba. Yaani kuziba kabisa: kitambaa cha faiba nyuma, gundi ya epoksi, msasa, rangi, paneli inatoka kama haijawahi kutobolewa. Nina mabaki ya faiba kutoka kwenye boti niliyotengenezea redio Mikindani, kwa hiyo gharama ni sifuri.

Kilichonibadilisha ni upande wa nyuma. Nilikuwa naupangusa vumbi, nikaona kuzunguka tundu la FUNK kuna duara kubwa zaidi la rangi nyingine kidogo, kama kiraka. Nikaweka rula: milimita 80. Maana yake kuna mtu huko nyuma alikuwa na tundu la 80, akaliziba kwa faiba, akalipaka vizuri kabisa maana mbele halionekani. Kisha yeye au aliyemfuata akapata redio, akarudi kukata tundu la 57 mle mle katikati ya kiraka. Nimejaribu kuwaza sura yake siku ile akiwa na msumeno mkononi.

Basi hatuzibi, tunafunika. Sahani ya aluminiamu, skrubu nne, inatoka kwa dakika mbili.

Jumanne

Kwa fundi wa madirisha ya aluminiamu nimepata vipande vya bati la milimita mbili, shilingi elfu tatu kwa vyote. Yeye aliona ni takataka, mimi naona ni hazina, tukaelewana haraka.

Nilichora miduara mitatu kwa bikari. Nimekata kwa mkasi wa bati, nikalainisha kwa tupa mpaka giza.

Jumatano

Umeme hakuna.

Alhamisi

Aibu. Miduara yote mitatu haifai.

Tundu la milimita 80 lina vitundu vinne vya skrubu kwenye pembe. Nilipima kutoka skrubu hadi skrubu ya jirani, nikapata 63. Nikajiambia sahani ya kipenyo cha 90 inazidi. Nilisahau kwamba skrubu zimekaa kwenye pembe za mraba, na mraba wa 63 ukiupima pembe kwa pembe ni 89. Kwa hiyo skrubu zangu zilikuwa zinaangukia ukingoni kabisa mwa sahani, nusu ndani nusu nje. Mpwa yuko kidato cha pili. Alinitazama, akasema taratibu, "Mjomba, si hiyo ni Pythagoras?" Nikamtuma dukani.

Ala halisi zenyewe zina uso wa mraba, na sasa najua kwa nini. Sahani ya mraba ya milimita 84 inafunika tundu la 80 na kuacha nyama ya kutosha kuzunguka skrubu. Kwa tundu la 57 umbali wa skrubu ni 47, sahani ya 62 inatosha. Pembe nimezikata mviringo kidogo zisichane vidole.

Kitu kingine cha kuangalia ni nafasi kati ya skrubu na ukingo wa tundu. Kwenye tundu la 80, kitovu cha skrubu kiko milimita 4.5 tu kutoka ukingoni. Skrubu ni ya milimita 4, nusu yake ni mbili, kwa hiyo ukuta wa faiba uliobaki ni milimita mbili na ushee. Ukikaza kwa hasira unapasuka. Viwili kati ya vitundu vya zamani vilishatanuka hivyo hivyo, mtu alikaza kwa hasira.

Ijumaa, baada ya swala

Leo ni siku ya nati. Sahani ikiwa imefungwa kwa skrubu na nati za kawaida, kuifungua kunahitaji mkono mmoja mbele na mwingine nyuma kushika nati, na nyuma kuna nyaya. Kwa hiyo nati zinabandikwa kwa epoksi upande wa nyuma, zibaki hapo daima.

Nilibandika nati nne za kwanza bila skrubu, kwa kukadiria kwa jicho. Epoksi ikaingia kwenye uzi wa nati tatu. Ya nne ilikaa upande.

Njia iliyofanya kazi ni hii. Unapaka skrubu mafuta ya mgando, yale ya kupaka watoto, kila mahali. Unaipitisha mbele, unafunga nati nyuma hadi iguse faiba, ndipo unazungushia epoksi pembeni mwa nati kwa njiti ya kiberiti. Unaiacha hadi kesho. Epoksi haishiki penye mafuta, skrubu inatoka yenyewe, na nati imekaa pale pale inapotakiwa kwa sababu skrubu ndiyo iliyoishikilia. Vile vitundu viwili vilivyotanuka nimevijaza epoksi niliyochanganya na unga wa msasa wa faiba yenyewe, nitavitoboa upya.

Onyo kuhusu unga huo: lowanisha msasa, funga pua, vaa mikono mirefu. Mimi nilivaa singlendi. Anayejua upupu anajua nilivyolala.

Jumamosi

Rangi. Kusi linavuma na uani kwetu ni mchanga mtupu, kwa hiyo nilipulizia alfajiri kabla upepo haujaamka. Aluminiamu haipendi rangi: ukipulizia juu ya bati linalong'aa, inabanduka kama ngozi ya nyoka. Tulikwangua kwa msasa namba 400 hadi mng'ao ukafa, tukafuta kwa tina, tukapiga rangi ya kwanza ya kushikia, kisha nyeusi mara mbili nyembamba.

Duka halikuwa na nyeusi isiyong'aa. Nikanunua inayong'aa, kwa kujidanganya kwamba hakuna atakayejali. Tulipofunga sahani na kuwasha taa ya karakana, kila sahani ikawa kioo. Nilijiona usoni mara tatu. Kwenye ndege dashibodi ya namna hiyo inarudisha mwanga kwenye kioo cha juu na kumsumbua rubani, ndiyo maana paneli nyingi ni kijivu au nyeusi iliyopooza. Msasa namba 1000 na maji ya sabuni, dakika kumi kila sahani, mng'ao umekwisha. Nadhani imekuwa nzuri kuliko rangi ya dukani.

Vitundu vidogo vya swichi havikustahili kazi yote hii. Vizibo vya mpira, vile vya kupitishia nyaya kwenye bodi za magari, shilingi mia mbili kila kimoja, vinaingia kwa kidole gumba.

Jumatatu

Hesabu imeharibika. Yanayohitaji kifuniko sasa ni manne.

Dira yetu ni ya boti. Mvuvi mmoja aliniachia kama malipo ya redio, nami nikaikalisha kwenye tundu la 57 la juu katikati, mahali pake hasa. Tulipofunga paneli yote ikaanza kudanganya. Bila paneli inaonyesha kaskazini. Kwenye paneli inakosea kama nyuzi 25. Kwanza nilishuku skrubu za chuma, ambazo ni kosa la kweli: karibu na dira unatakiwa utumie shaba. Nikazitoa nane za karibu nikaweka za shaba nilizozing'oa kwenye viungio vya umeme vya zamani. Kosa likashuka hadi nyuzi 15 hivi, likagoma hapo.

Mwizi ni mota. Mishale ya ala zetu inageuzwa na mota ndogo nilizozitoa kwenye dashibodi ya gari bovu, na ndani ya kila moja kuna sumaku. Moja iko chini kidogo ya dira. Siwezi kuiondoa bila kuondoa kipima mwendo.

Kwa hiyo dira imehamia juu ya fremu, mbali, kwenye kipande cha mbao, na tundu lake limebaki wazi katikati ya paneli, mbele ya macho ya atakayekaa. Jicho linaangukia pale pale. Bati limekwisha.

Mpwa aliniuliza mbona tusiweke na uzi wa sufu basi, amesoma mahali. Ni kweli marubani wa glaida hubandika kipande cha uzi wa sufu nje ya kioo, mbele ya macho, na uzi ukilala upande wanajua ndege inakwenda kimshazari. Ndugu Wright walitumia kamba ya namna hiyo. Ni ala isiyohitaji tundu. Tatizo ni kwamba ndani ya boksi letu hakuna upepo, ila ule wa feni, nao unatoka ubavuni.

Jumatano

Shemeji ndiye aliyesema mpingo. Mimi nilicheka kwanza. Halafu nikawaza: mpingo ni mweusi wenyewe, hauna sumaku, hautaki rangi, na hapa Mtwara hauendi kuutafuta mbali.

Nilimfuata mzee mmoja mchonga vinyago. Shikamoo, marahaba, nikamwonyesha sahani ya mfano. Aliigeuza mkononi, akauliza ni kifuniko cha nini. Nikaeleza. Akauliza tena, ndege isiyo na injini inaendaje? Tulikaa hapo nusu saa kabla hatujarudi kwenye mbao. Nilipomwambia nitaipaka nyeusi iliyopooza ifanane na zile nyingine alinikatisha: "Mpingo haupakwi rangi, mwanangu. Kwanza utaiacha ikauke?"

Nikasema itakauka tu juani, siku mbili.

Akaniambia atanipa kipande kibichi bure ili nijifunze, na kikavu kwa pesa.

Ijumaa

Kile cha bure nilikiweka juani Jumatano jioni. Leo saa sita kimepasuka kutoka ukingo hadi katikati, na nyufa mbili ndogo pembeni. Mpwa alikuwa amekitumbukiza ndooni kabla ya hapo kuhakikisha habari kwamba mpingo unazama. Unazama, kama jiwe. Maji na jua kwa zamu, sijui nilitegemea nini.

Jumapili

Kile kikavu kimefika. Milimita 62 kwa 62, unene wa nne, pembe zimeviringwa kuliko zangu, na vitundu vya skrubu amevitoboa kwa drili ya mkono, vyote vinne vimelingana na vya paneli bila kulazimisha. Hakuna mchoro wowote juu yake. Nilidhani angeweka hata mwewe. Nilipomuuliza alisema mimi niliomba kifuniko.

Sikukisugua nta. Kimekaa juu katikati kwa skrubu za shaba, na ukikitazama kwa mbali huoni tofauti na sahani nyingine; ukikaribia unaona mistari ya mti, hudhurungi ndani ya weusi. Aliyekaa kwenye kiti anakipapasa kabla ya kushika fimbo. Wote, hata mimi.

Nyuma ya kila kifuniko nimeandika kwa msumari: kipimo cha tundu, kilichokuwepo kama tunakijua, na mwezi tuliofunga. Kwenye kile cha FUNK nimeandika pia habari ya kiraka cha 80. Hii ni dashibodi ya boksi la kuchezea, nalikubali hilo. Ingekuwa ya ndege ya kuruka, fundi mwenye leseni ndiye angeamua sahani gani inafungwa na nani, na angeandika kwenye kitabu cha ndege, si kwa msumari.

Jumamosi iliyofuata

Watoto kumi na mmoja wamerusha leo. Mmoja tu ametua uwanjani, wengine baharini. Hakuna mkono ulioingia nyuma ya paneli.

Shida ni mimi: namfundisha aliye ndani huku nimesimama nje ya boksi, feni inaunguruma, watazamaji wanashangilia, hasikii. Jioni mpwa alileta spika ya simu na maiki aliyoitoa kwenye hedfoni mbovu, ameshaviunga, vimekaa kwenye kikopo cha plastiki. Akavipima kwa rula mbele yangu makusudi, nione. Vinaingia kwenye 57.

Nikampa bisibisi. Skrubu nne za FUNK zilitoka bila kelele. Sahani iko kwenye droo ya chini, pamoja na ile miduara mitatu.